Afande naye ni raia

Hotuba hii niliitoa Manzese, Dar es Salaam, mbele ya wakazi, vijana wa bodaboda, wajumbe wa mashina na askari wa vituo vya jirani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, nikarudisha machache niliyoyaruka kwa kubanwa na muda.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Maafande, karibuni sana. Nawashukuru mliokuja na sare na mliokuja na nguo za nyumbani. Vijana wangu wa kijiweni nawaona mmebanana kule mlangoni. Viti vya mbele vipo, ila sitawalazimisha. Najua kwa nini mmekaa karibu na mlango, na hilo ndilo lililonileta hapa.

Mimi nimezaliwa kota za polisi. Baba yangu alikuwa koplo. Kila jioni mama alikoroga wanga wa muhogo kwenye maji, akachovya kaptula ya kaki ya baba, kisha akaipiga pasi ya mkaa mpaka ikasimama yenyewe kama kipande cha ubao. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuigusa. Ilitundikwa msumarini, juu, na tulipita chini yake kwa heshima.

Pale kota tulikuwa na maneno mawili ya kugawia dunia: sisi, na raia. "Msicheze mbali, mtapigwa na watoto wa raia." "Huyo mgeni ni askari au ni raia?" Nilikua nikidhani raia ni kabila. Kisha nikafika darasa la nne, mwalimu wa siasa akaandika ubaoni kwamba raia ni mtu mwenye haki na wajibu katika nchi yake. Nikarudi nyumbani na daftari nikamuuliza baba: "Baba, kwani wewe si raia?"

Alicheka. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia, "Kale chakula." Ndilo jibu nililopata, na nimekaa nalo zaidi ya miaka 50.

Maana Kiswahili chetu kinatumia neno moja hapo. Raia wa nchi ni raia, na asiyevaa sare ni raia. Askari anaposema "hawa raia," bila kukusudia anajitoa kwenye nchi yake mwenyewe. Wala sisemi ni kosa la askari peke yake. Nilipoolewa nikahamia huku, nilikuta upande wa pili wa sarafu ileile. Huku askari haitwi askari. Anaitwa njagu. Difenda, gari la doria la polisi, ikikata kona, mtu anapiga mluzi na kijiwe chote kinapotea, hata wasio na kosa lolote. Mtoto wa miaka 4 anafundishwa: ukilia, polisi atakuchukua. Tunamjengea hofu kabla hajaota meno yote, halafu akifika miaka 20 tunashangaa kwa nini haripoti uhalifu.

Mgawanyo huu hatukuuanza sisi. Jiji lenyewe lilipimwa hivyo. Wajerumani walianza, Waingereza wakakamilisha: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, Uswahilini kwa wenyeji. Mnazi Mmoja, pale tunapopumzika leo, paliachwa wazi makusudi ili patenganishe Uhindini na Kariakoo. Jeshi la Polisi la Tanganyika, lililoanzishwa na Waingereza mwaka 1919, halikuwekwa lilinde watu wa Kariakoo. Liliwekwa liwalinde wengine dhidi ya watu wa Kariakoo. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ya kuwaondoa mjini watu wasiotakiwa, wakakusanywa na kurudishwa mashamba, na jina walilopewa mnalijua: wahuni. Zamani mhuni alikuwa mtu asiye na mke, asiye na kwao. Serikali ikalichukua neno hilo na kulifanya kosa.

Uhuru ulikuja, bendera ikabadilika, lakini neno halikuondoka. Mwaka 1983 tulikuwa na Nguvu Kazi, operesheni ya kuwasaka wasio na kazi. Wazee mnaikumbuka. Usipokuwa na kitambulisho cha kazi hukutembea mjini kwa amani, ulipakiwa. Na kosa la uzururaji likabaki kwenye Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi. Ilipofika Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo inakaa hapa kwetu Arusha, ikatoa maoni yake kwamba sheria za namna hiyo barani zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake wakati hakuna alichokitenda. Nawaomba mlitafakari hilo. Mtu hakuulizwa umefanya nini. Aliulizwa wewe ni wa wapi.

Sasa nije karibu, kwenye jambo nililoliona mwenyewe.

Ijumaa ya Januari 2, 2015, usiku, jiji hili lilikimbia. Simu zilikuwa zinaita: wako Sinza, wako Magomeni, wanakuja. Maduka yakafungwa, watu wakaacha mishikaki ikiungua jikoni. Panya Road, magenge ya vijana wenye mapanga. Siwatetei vijana wale. Waliwakata watu mapanga, wakaiba, wakapora akina mama. Mwaka 2022 walirudi tena na jiji likazika. Aliyevunjiwa mlango usiku ana haki ya kulindwa, na polisi walikuwa na wajibu wa kumlinda.

Lakini jina lile liangalieni. Panya. Panya hapelekwi mahakamani. Panya hana mama. Panya anategwa, anapigwa, anatupwa. Siku tulipokubali kuwaita watoto wa jiji hili panya, tulimaliza kesi kabla haijafunguliwa.

Wiki ile ukapita msako, vijana wakakamatwa kwa mamia. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi wangu, anaingia kidato cha pili. Kosa lake lilikuwa kichwani: amenyoa kiduku. Mama yake anauza vitumbua, na umeme ulikuwa umekata saa mbili usiku, akamtuma kununua Luku. Mkononi alishika kikaratasi chenye namba ya mita, tarakimu 11, kwa mwandiko wa mama yake, na noti ya elfu mbili ndani yake. Alipandishwa gari na kikaratasi chake. Akawaambia, "Nimetumwa Luku." Akajibiwa, "Nyie wote mmetumwa."

Nilifika kituoni asubuhi. Kituo gani, sisemi, kwa sababu ningeweza kukuta hayohayo kwenye kituo kingine. Kaunta ilikuwa imejaa kina mama wa kanga mbilimbili. Nikamweleza kijana wa zamu kwamba huyu ni mwanafunzi wangu, namjua. Hakunitukana, nataka niwe mkweli. Alikuwa amechoka, macho mekundu, nadhani hakulala siku mbili. Akaniambia, "Mwalimu, hawa wote wana walimu." Mtoto akatoka siku ya pili, bila shtaka. Nyumbani kwao walikaa giza usiku huo na uliofuata, na mama yake aliukandia unga wa vitumbua kwa tochi ya simu, mikono inatetemeka. Kile kikaratasi alirudi nacho. Kilikuwa kimelowa jasho mpaka namba zikafutika.

Hapo wengi tunaishia, tunasema masikini, aliumia, yamepita. Hayakupita. Miezi michache baadaye duka la dawa la mtaani kwetu likavunjwa, mlinzi akapigwa nondo. Yule mtoto alikuwa amerudi kutoka kuangalia mpira, akawaona waliofanya. Akawatambua. Aliniambia mimi, peke yangu, baada ya wiki tatu. Nikamwambia twende ukaseme. Akaniangalia: "Mwalimu, niende kwao nikaseme nini?"

Kwao. Kituo cha polisi kimejengwa kwa kodi ya mama yake, ya kila lita ya mafuta, na mtoto anakiita kwao. Waliovunja duka hawakupatikana. Mlinzi mpaka leo mkono mmoja haunyooki.

Maafande, nyinyi mnaijua kazi hii kuliko mimi. Uhalifu mwingi haufichuliwi na bunduki wala difenda. Unafichuliwa na mama anayesema, "Nyumba ile ya tatu wamehamia watu hawaeleweki." Upelelezi ni mdomo wa jirani. Siku jirani anapofunga mdomo, mnabaki na kamatakamata, na kamatakamata inafunga midomo mingine 20. Mkiuliza kwa nini hamna taarifa, taarifa ilikuwa kwenye gari lenu ile Januari, imeshika kikaratasi.

Lipo jambo la kale kidogo ambalo jiji hili halipaswi kulisahau. Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi mmoja waliuawa. Taarifa ya kwanza ilisema ni majambazi, wameuawa katika kurushiana risasi na polisi. Na sisi, nasema sisi, tuliposoma gazetini tulivuta pumzi ya faraja. Afadhali, wamepungua. Sikumsikia mtu aliyeuliza majina yao. Ndugu zao ndio waliopiga kelele. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka, na tume ikaona kwamba hawakuwa majambazi, wala hapakuwa na kurushiana risasi. Walipelekwa msitu wa Pande wakauawa. Kesi ikazunguka mahakamani miaka 10, mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ikamtia hatiani mmoja wa maofisa.

Risasi zile zilipigwa na wachache. Lakini neno jambazi, ambalo ndilo lililoficha miili ile kwa siku kadhaa, lilishikiliwa na sisi sote. Wangekuwa majambazi kweli, je? Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Haikuandikwa kwa ajili ya watu wema. Mtu mwema hahitaji sana kinga hiyo.

Nisiwaonee maafande. Tuna msemo wetu magazetini, "wananchi wenye hasira kali." Mtu anapigwa mawe, anavishwa tairi, anachomwa, na mwandishi anaandika wananchi wenye hasira kali, basi, imeisha. Hakuna jina, hakuna mkono ulioshika kiberiti. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimekuwa zikihesabu watu wanaouawa hivyo kwa mamia kwa mwaka. Mamia! Hakuna askari pale. Pana mimi na wewe, na muuza chipsi aliyeacha kikaango chake kuja kupiga teke moja. Kitu kilekile tunachokilaumu kituoni tunakifanya mtaani kwa mikono yetu: tunapiga kelele "mwizi," na mtu anakoma kuwa mtoto wa mtu.

Na jingine linaloniuma zaidi, kwa sababu ya pale nilipozaliwa. Agosti 2016 askari wanne waliuawa Mbande, wakibadilishana lindo la benki. Aprili mwaka uliofuata, wanane wakauawa Kibiti. Nilikuwa kwenye daladala ya Mbagala nikamsikia kijana anasema, kwa sauti, "Na wao waonje." Watu wawili watatu wakacheka. Nilishindwa kujizuia nikalia. Nilimkumbuka mama mmoja pale kota, mumewe aliuawa kazini mimi nikiwa na miaka 9. Alipomaliza arobaini alihamishwa nyumba, maana nyumba ni ya kazi. Nakumbuka vyombo vyake juu ya lori: kinu, beseni la bluu, na ile sare iliyopigwa pasi, ameishikilia mapajani kama mtoto. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kijana yule wa daladala akivamiwa usiku huo, angempigia nani?

Na Oktoba 29, 2025 siwezi kuiruka, ingawa nimeombwa na mtu anayenipenda niiruke. Siku ya uchaguzi mkuu, maandamano, moto, risasi. Jiji likawekewa amri ya kutotoka nje usiku, intaneti ikazimwa siku kadhaa, na humo gizani kila mtu akabaki na hadithi ya upande wake. Watu walikufa. Wapo hapa ukumbini waliozika. Haya si mageni kwetu: Februari 2018, pale Kinondoni Mkwajuni, binti wa chuo aliyeketi ndani ya daladala aliuawa kwa risasi wakati polisi wanatawanya waandamanaji. Hakuwa muandamanaji. Alikuwa abiria. Risasi inayofyatuliwa kwa "wao" haijui nani ni wao. Nasema tu kwamba aliyezika hadai upande, anadai ukweli, na ukweli hauwezi kutolewa na watu wanaotafuta kwanza kujua huyu anayeuliza ni wa kwetu au wa kwao.

Majirani zetu Rwanda walianza na neno. Waliwaita wenzao inyenzi, mende. Redio ikalirudia mpaka likazoeleka, na mwaka 1994 tukaona Kagera maiti zikielea. Kesi za wenye redio na magazeti zilisikilizwa Arusha, kwetu, hukumu ikatoka Desemba 2003. Sisemi tumefika huko. Nasema mimi ni mwalimu wa lugha, na najua neno linaweza kumfikisha mtu wapi.

Basi dawa? Nitawapa nilichokisoma na nilichokiona.

Nilichokisoma: mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mtafiti Muzafer Sherif alichukua wavulana 22 wa umri wa miaka 11 hivi, wote wa familia za kawaida, akawagawa makundi mawili kambini. Baada ya siku chache za kushindanishwa walikuwa wanatukanana, wanachomeana bendera, wanavamiana usiku mabandani. Watoto wasio na ugomvi wowote! Walijaribu kuwakutanisha kwa chakula na sinema, ikashindikana; walirushiana vyakula. Kilichoanza kuwapatanisha ni maji. Maji ya kambi yalikatika, na ikabidi wote pamoja watafute hitilafu ilipo.

Maji. Mtu wa Manzese anaelewa.

Nilichokiona: mafuriko ya Desemba 2011. Bonde la Msimbazi lilifurika, jiji likapoteza watu zaidi ya 40. Nilisimama kwenye ukingo nikaona kijana, namjua, ambaye kila wiki alikuwa anakimbizana na difenda, yuko kiunoni kwenye maji machafu ameshika kamba. Upande wa pili wa kamba ni askari, buti ameshavua, kofia imechukuliwa na maji. Katikati yao bibi amebebwa juu ya mlango wa mbao. Kijana anapaza sauti, "Afande, legeza!" Afande analegeza. "Vuta!" Anavuta. Hakuna aliyeuliza mwenzie ni nani. Nilitamani baba yangu angekuwa hai aone.

Kwa hiyo sitaki tufanye semina. Tumefanya. Polisi jamii tumeisikia tangu 2006, na ni wazo zuri kabisa, lakini mara nyingi limekuja kwetu kama tangazo: toeni taarifa, toeni mchango wa ulinzi shirikishi. Jirani hatoi taarifa kwa tangazo. Anatoa kwa mtu anayemjua. Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Afande wa kata aje ofisi ya serikali ya mtaa siku moja kwa wiki, akae benchini, sisi tumpe chai. Mtu akikamatwa kwenye msako, aulizwe jina lake kamili na jina la mama yake, liandikwe, na apigiwe mjumbe wa shina lake usiku huohuo. Mjumbe atasema huyu namjua, au simjui. Inachukua dakika tano. Na sisi wa mtaani, mwizi akikamatwa, mtu wa kwanza kufika amkalishe chini na asimame mbele yake mpaka polisi wafike. Mimi nimesema nitasimama. Nina miaka 64, wanipige mimi kwanza.

Na vijana, tukiwa kijiweni, tumwite afande kwa jina. Wapo wapangaji wenzenu hapa ambao mnachota nao maji bomba moja, na mnajua kabisa anaitwa nani.

Nilianza na vijana wa mlangoni. Yupo mmoja kati yao, sasa ni mtu mzima, ana bodaboda yake na mtoto wa kike. Hanyoi tena kiduku. Nilimwomba aje, akaniambia atakuja ila hatakaa mbele. Jana usiku akanipigia kuniambia kwamba analo swali moja kwa maafande, na angependa aulize mwenyewe bila mimi kumsemea.

Mpeni kipaza sauti. Mimi nakaa.